Mtutu Usioona Mwanga

Tik, tik, tik. Jikoni, kwenye giza la alfajiri, jiko la gesi lilikuwa likijaribu kushika moto, na kila liliposhindwa Mama Ludmila alilikaripia kwa Kicheki, lugha aliyokuwa ameibakiza kwa ajili ya sala na mitambo mikorofi. Tik, tik. Kisha vuu, moto ukashika, na mlango wa tanuri ukafungwa taratibu, kama vile ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtoto mchanga wa kuamshwa.

Hakukuwa na mtoto mchanga. Kulikuwa na Arlys, binti yake, aliyekuwa macho kitambo, blanketi limefika kidevuni, anaangalia dari asiyoiona na kutabasamu.

"Leo," alijinong'oneza. "Leo leo hii."

Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Marekani nzima hukaa mezani na bata mzinga. Bata mzinga alikuwa ameingia tanurini, mikate ya plamu iliumuka chini ya kitambaa tangu jana, na kule ng'ambo ya barabara ya changarawe, kwenye shamba la Verlyn Haase, kulikuwa na bastola ambayo Arlys alikuwa ameishika jana kwa mikono yake miwili, akaikagua kila kiungo, akamrudishia mwenyewe na kumwambia haina neno.

Alikuwa amedanganya. Na kwa mara ya kwanza tangu mavuno ya mwaka jana, alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Mavuno ya mwaka jana ndiyo yaliyomchukua Milo, mdogo wake. Milo alikuwa kibarua wa Verlyn. Mahindi yalikuwa yameganda ndani ya ghala la bati, lile la duara refu kama mnara, na mahindi yakiganda lazima mtu aingie na mti mrefu kuyavunja. Hapo Dravec, kijijini kwao, hata mtoto wa shule anajua kwamba haingii mtu ghalani bila kamba kiunoni na mwenzake juu mlangoni ameshika ncha ya pili, kwa sababu mahindi yakianza kushuka hummeza mtu kama matope. Milo aliingia bila kamba, mahindi yakashuka. Walilikata ghala kwa misumeno ubavuni, mahindi yakamwagika uwanjani kama maji ya manjano, na alipotoka Milo hakuwa tena wa kuitwa akaitika.

Halafu Verlyn Haase akasimama mbele ya wakaguzi waliotoka mjini, akainua mkono wake wa kulia, akala kiapo. Nilimpa kamba, akasema. Nilimpa mkononi, akaitupa. Alinuka bia.

Milo! Milo ambaye hakugusa bia tangu walipomzika baba yao aliyekufa kwa bia. Lakini kiapo ni kiapo, na Verlyn alikuwa mzee wa kanisa. Wiki ile ile neno likaenea mpaka kwenye foleni ya posta: maskini kijana, kumbe alifuata nyayo za baba yake. Mama Ludmila, aliyekaa benchi la tatu kanisani tangu alipoolewa, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, ili ibada ikiisha atoke kabla hajasalimiwa kwa huruma.

Jambo hilo la benchi ndilo lililomuuma Arlys kuliko kaburi.

Basi jana, mzee Pokorny, mwenye duka la zana za shamba, alikuwa amekwenda mjini Omaha kumpokea binti yake uwanja wa ndege, akamwachia Arlys kaunta ya nyuma, ile ya bunduki. Arlys alikuwa amefanya kazi pale miaka, na Pokorny mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukagua silaha zilizotumika kabla hazijauzwa au kubadilishwa. Kengele ya mlangoni ikalia. Akainua uso. Verlyn, na kasha la plastiki kwapani.

"Pokorny yuko wapi?"

"Omaha. Atarudi jioni."

Verlyn akatazama mlango, akatazama kasha. "Basi nitapita siku nyingine."

Karibu na mtungi wa kahawa aliketi mzee Emmet, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa kama sehemu ya fanicha ya duka. Akacheka. "Unaogopa nini, Verlyn? Mwachie huyo dada. Anaisikiliza bastola kama mkunga anavyosikiliza tumbo."

"Siogopi kitu."

"Basi weka hapo," Arlys alisema, na sauti yake ilikuwa laini mpaka mwenyewe akaishangaa. "Kuna tatizo gani?"

Verlyn akafungua kasha. "Nimebadilishana na shemeji yangu. Yeye kachukua trela langu dogo, mimi nikachukua hii. Mke wangu Twyla anasema nimepigwa. Nataka nijue kama kweli nimepigwa, kabla sijakaa meza moja na huyo bwana kesho."

"Umepigwa," alisema Emmet. "Trela lile lilikuwa zuri."

"Wewe kunywa kahawa yako, mzee."

Arlys akaichukua. Jambo la kwanza, mdomo wa bastola akauelekeza kwenye ndoo ya mchanga ukutani. La pili, akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. La tatu, akavuta nyuma chuma cha juu, kile kinachokwenda na kurudi kila risasi inapotoka, akakifunga kikae nyuma, akachungulia ndani na kupapasa kwa kidole kidogo: chumba cha risasi kitupu. Mambo hayo alikuwa akiyafanya hata kwa bunduki aliyoishusha mwenyewe rafuni dakika iliyopita. Hata ndotoni aliyafanya.

"Saizi kamili," alisema. "Si hizi za kutia mkobani."

"Mimi mkoba nautoa wapi?" alisema Verlyn.

"Chuma tupu, hakuna plastiki. Ukiibeba kiunoni kutwa nzima jioni utalalamika mgongo, lakini ukiipiga utaipenda. Uzito wake unameza teke. Mkono haurushwi." Akaipima kiganjani. Kishikio kilikuwa na mikwaruzo midogo kama ya tupa, ya kuzuia mkono usiteleze ukiwa na jasho au mafuta ya trekta, na kiliujaza mkono vizuri bila kulazimisha vidole. "Magazini inabeba risasi kumi na saba. Springi yake bado changa, haijalegea."

Akaitikisa karibu na sikio. Zile zilizochoka hulia kama kopo lenye msumari. Hii ilinyamaza.

"Umeona?" Emmet alisema. "Nilikwambia. Mkunga."

Vilengeo vilikuwa vitatu vyeupe, viwili nyuma na kimoja mbele, vimenyooka. Arlys akalegeza chuma kirudi mbele, akalenga ndoo, akavuta triga. Ilikuwa nzito mwanzoni, halafu ikafika mahali ikasita kidogo, kama mtu anayeuliza una uhakika, halafu ikakatika kavu. Nzuri. Akajaribu kizuizi cha usalama kwa dole gumba: kilipanda, kilishuka, kilishika. Akasukuma chuma cha juu huku na huku kuona kama kinacheza. Hakikucheza.

"Mpaka hapa hujapigwa," alisema, na ilimchukiza kumpa mtu yule habari njema.

Verlyn akavua kofia, akajikuna. "Ila juzi jioni nilipiga kidogo nyuma ya zizi. Ile ya mwisho haikulia. Yaani ililia, lakini ikasema *pu*, kama mtu aliyejisahau kanisani."

Emmet akacheka hadi kahawa ikamwagika gotini.

"Chuma hakikurudi chenyewe," Verlyn akaendelea. "Nikakivuta kwa mkono, ganda likatoka, tupu. Giza likawa limeingia, nikarudi ndani. Nikasema labda ni springi."

"Risasi za dukani?"

"Ah, za dukani za nini? Najaza mwenyewe, kama baba. Msimu huu nimejaza ndoo nzima."

Wanaume wa pale hukaa karakana za nyumbani mwao wakati wa theluji, redio inaimba, wanayajaza tena maganda yaliyokwisha kutumika: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi juu. Na mara moja moja, redio ikitangaza bao, mtu husahau kumimina baruti kwenye ganda moja. Ganda hilo likipigwa, fataki peke yake inasema *pu*, inakisukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu, na kinakwama humo humo. Bastola kwa nje haioneshi kitu. Lakini risasi inayofuata, iliyoshiba baruti, inakuja nyuma yake na kukuta njia imezibwa, na bastola inapasuka mkononi.

Akafunga chuma nyuma tena. Akaingiza ukucha wa dole gumba kwenye uwazi wa juu, pale maganda yanapotokea, kama Pokorny alivyomfundisha: ukucha unashika mwanga wa taa na kuurusha ndani, nawe ukichungulia kutoka mdomoni unaona duara jeupe na mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara.

Hakuona duara. Hakuona ngazi. Aliona giza, jeusi, zito, la kisimani.

Moyo wake ukapiga mara moja kwa nguvu, kisha ukatulia.

Aliinua macho, akaangalia mkono wa Verlyn. Ulikuwa umelala juu ya kioo cha kaunta, mkono wa kulia, mpana, wenye madoa ya jua na pete iliyozama nyamani. Mkono ule ndio alioinua. Vidole vile vitano ndivyo vilivyosimama wima hewani wakati mdomo ukimfanya Milo mlevi. Arlys alikuwa ameukodolea siku ile mpaka akaujua kama anavyoujua uso wa mtu. Mara ngapi amelala akiomba mashine ya mahindi iukamate, au mlango wa gari, au baridi. Na leo mwenye mkono kaja mwenyewe, kwa miguu yake, anamwomba yeye amwambie kama iko salama.

Ilikuwa sheria ya kwanza ya Pokorny: silaha iliyozibwa mtutu haivuki kaunta hii kurudi kwa mwenyewe. Hata awe shetani, Pokorny alisema. Hasa akiwa shetani, maana huyo ndiye wa kwanza kutushtaki.

"Vipi?" Verlyn aliuliza. "Ni springi?"

Arlys akalegeza chuma, akarudisha magazini tupu, akaifuta bastola yote kwa kitambaa chenye mafuta, polepole, kwa upendo, kama anavyofutwa mtoto baada ya kuogeshwa.

"Haina neno," alisema. "Ile ilikuwa risasi moja mbovu. Kila kitu kingine ni kizuri. Itunze."

"Kumbe sikupigwa!"

"Hukupigwa." Bado, alisema moyoni.

Verlyn akafunga kasha. Alifika mlangoni, akageuka, na kwa kitambo alionekana kama mtu aliyesahau alichotaka kununua. "Mama yako hajambo?"

"Yupo."

Akagusa ukingo wa kofia. "Sikukuu njema, Arlys."

"Na kwenu."

Ndivyo ilivyokuwa. Na sasa jua lilikuwa limepanda juu ya mabua ya mahindi, na Arlys alikuwa jikoni anamenya viazi na kuimba puani wimbo wa polka, ngoma ya Wacheki.

"Leo umeamkia ubavu gani?" Mama Ludmila alimtazama juu ya miwani. "Mwaka mzima sijakusikia ukiimba."

"Ni sikukuu, Mama."

"Mwaka jana nayo ilikuwa sikukuu. Uliirusha sufuria ukutani."

"Mwaka jana sikuwa na cha kushukuru."

Mama hakuuliza zaidi. Arlys akaendelea kumenya, sikio lake moja dirishani. Alijua ratiba yao kama wote walivyoijua. Akina Haase hula mapema, halafu wanatoka wote nyuma ya zizi kuyapiga risasi maboga yaliyobaki, halafu wanarudi ndani kutazama mpira. Nyumba zote za barabara ile hufanya hivyo siku ya Shukrani, na milio husikika kutoka shamba hadi shamba kama watu wanaosalimiana. Alikuwa anasubiri mlio mmoja ambao hautafanana na mingine. Halafu king'ora. Halafu habari, kesho, karibu na mtungi wa kahawa: maskini Verlyn, vidole. Naye atasema maskini, na atammiminia Emmet kahawa.

Wakaketi. Mama akasali kwa ufupi. Akakata bata, akaweka mchuzi mzito juu ya viazi, akala kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Nini, Mama?"

"Nimemkumbuka Milo na lile boga lake. Unakumbuka? Alikuwa hajafika hata meza hii kwa urefu. Baba yenu kamshikia bastola, kamwambia wewe ndiye mdogo, wewe ndiye unafungua. Akafumba macho yote mawili!" Mama alijifuta machozi ya kicheko. "Akalikosa boga, akaipiga ndoo ya maziwa. Akasema ndoo ndiyo aliyoilenga."

Arlys alicheka naye. Uma wake ulikuwa na kipande cha nyama, unapanda kwenda mdomoni. Haukufika.

Mdogo ndiye anayefungua, ndiye anayepiga risasi ya kwanza.

Alilijua. Kila mtu wa barabara ile alilijua. Yeye mwenyewe aliwahi kufungua, kabla Milo hajazaliwa. Alikumbuka kifua cha baba mgongoni kwake na harufu ya tumbaku. Mwenye bastola hapigi kwanza siku ya Shukrani. Hapigi. Alikuwa ameuangalia mkono mmoja kwa mwaka mzima kwa macho makali kiasi kwamba hakuona mikono mingine yoyote duniani.

"Mama." Akauweka uma chini. "Kwa akina Haase, mdogo ni nani?"

"Si ni Maren, binti yao. Twyla alinikuta dukani juzi, akajikaza kunisemesha. Anasema mtoto halali, mwaka huu ameruhusiwa kufungua. Kashonewa na glavu za... Arlys? Unakwenda wapi?"

Arlys alikuwa tayari kwenye simu ya ukutani. Ikaita. Ikaita. Aliiona kwa akili yake ikilia katika jiko tupu lenye sahani chafu, watu wote wametoka. Akaitupa ikaning'inia na waya wake, akanyakua funguo.

"Arlys!"

"Nimefanya jambo baya, Mama. Nikichelewa litakuwa baya zaidi."

Mama Ludmila hakuwa mtu wa kuachwa na maneno ya namna hiyo. Alipanda garini na aproni yake, kijiko kikubwa bado mkononi, na gari lilipokuwa likirusha changarawe pembeni, Arlys alimweleza yote kwa sentensi fupi fupi, macho yake barabarani.

Mama alikilaza kijiko mapajani.

"Mimi kila usiku namwombea afe," alisema. "Usidhani ni wewe tu. Napiga magoti na kumtaja jina. Lakini mimi nilimwachia Mungu, Arlys. Nilijua Mungu anajua nani amesimama karibu."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ungekuwa unajua tungekuwa tunakula pai. Kanyaga mafuta."

Waliingia kwa akina Haase bila kupunguza mwendo, Arlys akikandamiza honi. Nyuma ya zizi, umbali wa uwanja wa mpira, watu walikuwa wamejipanga wamevaa makoti, na mbele yao, juu ya marobota ya nyasi, maboga yalikuwa yamekaa safu moja. Honi ikalia, ikalia. Mmoja wao aliisikia kupitia vizuia sauti vya masikioni, akageuka, akapunga mkono kwa furaha, kwa maana siku ile wageni wote huingia kwa kupiga honi. Wengine wakapunga pia. Upepo wa kaskazini uliyachukua makelele ya Arlys na kuyapeleka kwa majirani wasiohusika.

Kisha wote wakageukia mbele. Verlyn alikuwa ameinama nyuma ya mtoto mwenye koti jekundu, kidevu chake juu ya kofia ya mtoto huyo, na mikono ya mtoto iliyonyooshwa mbele ilikuwa ndani ya mikono yake mikubwa.

Gari lilizuiwa na uzio. Arlys akashuka, akapenya katikati ya waya, koti likachanika, akakimbia. Hakukimbilia walikosimama watu. Kutoka nyuma asingewahi, na mtu akiguswa ghafla kidole hubana. Alikimbilia mbele, kwenye maboga, mahali ambapo tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu hakanyagi hata kama nyumba inaungua, na akasimama hapo, kati ya boga na bastola, mikono juu.

Verlyn ndiye aliyesogea kwanza. Akainamisha mikono ya mtoto kuelekea ardhini, akakiondoa kile kidole kidogo kwenye triga, akaichukua bastola. Ndipo alipopiga ukelele.

"Una wazimu wewe? Una wazimu? Ningekuua!"

"Toa magazini," Arlys alisema, akija. "Vuta chuma nyuma."

"Mwanamke, ondoka kwenye..."

"Toa magazini, Verlyn!"

Alitii, kwa sababu mikono ya watu wa pale husikia amri hiyo kabla masikio hayajaisikia. Magazini ikatoka. Chuma kikarudi nyuma, risasi iliyokuwa chumbani ikaruka na kuangukia nyasi. Familia nzima ilikuwa imevua vizuia sauti, imesogea. Twyla, mkewe, alikuwa amemvuta mtoto na kumkumbatia kwa mbele.

"Sasa weka ukucha wako hapo. Chungulia."

Akachungulia. Alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinua uso, ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya unga.

"Jana uliniambia haina neno."

"Nilikudanganya."

"Uliona?"

"Niliona kama unavyoona wewe sasa. Nikaifuta, nikakupa." Arlys hakuyaficha macho yake. "Nilitaka mkono wako wa kulia. Ule uliouinua kuapa. Sikutaka kingine. Huyu mtoto nilimsahau, na hilo sitajisamehe hata nikizeeka."

"Mungu wangu!" Twyla alimtazama binti yake, meno mawili ya mbele hayapo, glavu mpya, akaanza kulia. "Mungu wangu, mikono yake! Uso wake!"

"Nitakufunga," Verlyn alisema. Sauti ilikuwa chini, imekwaruza. "Unanisikia? Nitahakikisha unaozea jela."

"Nifunge. Kamwite sherifu, nitamweleza mwenyewe, neno kwa neno." Arlys akapiga hatua moja. "Lakini utaapishwa, Verlyn. Watakwambia uinue tena ule mkono, na mimi nitakuwa nimekaa mbele yako nauangalia. Na safari hii sitaulizwa mimi tu. Nitawauliza na mimi, kamba ilikuwa wapi."

"Usimlete Milo hapa."

"Milo alishafika hapa. Mlimtoa kwa msumeno, pale." Alinyoosha kidole, na wote, hata wasiotaka, walitazama ghala jipya la bati lililong'aa pale lilipokuwa la zamani.

Mama Ludmila alikuwa amefika, anahema, aproni inapepea, kijiko mkononi kama fimbo ya askofu. Alimpita binti yake akaenda kusimama karibu sana na Verlyn, mfupi, ikabidi ainue kichwa.

"Mwanangu amefanya ubaya leo," alisema. "Sitamtetea. Lakini na mimi nakuuliza mara moja tu, mbele ya watoto wako na chakula chako kikiwa bado tumboni. Mwanangu mwingine alikuwa amelewa?"

"Mama Ludmila..."

"Alilewa?"

Verlyn akamtazama mkewe. Akaitazama bastola. "Nilishasema nilichosema. Nilimpa kamba mkononi. Akaitupa."

Shemeji mtu aliangalia viatu vyake. Twyla alikuwa ameacha kulia, anamwangalia mumewe kama mtu anayesoma kibao kutoka mbali. Na hapo kwenye koti la Twyla, uso mdogo mwekundu kwa baridi ukajitokeza, vizuia sauti vimening'inia shingoni, macho yakimtafuta baba yake, bila hila na bila hasira, kama mtoto anayemkumbusha mtu mzima kitu alichokiweka mahali.

"Baba," Maren alisema, "siku ile ya Milo kamba ilikuwa garini, niliikalia mimi."